Taya Kwenye Kikopo cha Baba

Tangu Alhamisi jioni baba alikuwa hafungui kinywa. Alijifunga skafu mpaka puani, akadai kwa ishara kwamba ana mafua, akawa anakunywa supu chumbani mwake mlango ukiwa umefungwa. Alipotaka kitu alikinyooshea kidole. Bintiye hakumuuliza. Alijua, au alidhani anajua, kwamba mzee amenuna. Na kama ni kununa, basi na anune, kwa maana yeye naye alikuwa ameshapiga moyo konde.

Sasa ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, na binti alikuwa anapanga viti sebuleni. Mtaa mzima ulimwita Fundi. Alikuwa fundi wa meno ya bandia katika chumba cha nyuma cha kliniki ya meno, mwaka wa tisa huu. Daktari akishamaliza kung'oa, kazi ilibaki kwake: kumimina plasta kwenye kipimo cha kinywa, kupanga meno moja moja kwenye nta, kusugua kwa msasa mpaka ulimi usikwaruzike. Nusu ya wazee wa kanisa lao walitafuna kwa kazi ya mikono yake, na wa kwanza wao alikuwa baba yake mwenyewe, mzee wa kanisa, msomaji wa Neno kila Jumapili.

Juu ya meza ya kati palikuwa na karatasi moja tu, fomu ya matangazo ya ndoa. Saini yake ilikuwepo. Saini ya mwanamume aliyempenda ilikuwepo. Mstari wa mzazi ulikuwa mtupu. Mchungaji alitaka fomu ile kesho kabla ya ibada ya kwanza, ili matangazo yasomwe Jumapili tatu mfululizo kama ilivyo taratibu. Ikikosekana kesho, harusi haipo. Mwisho wa mwezi mwanamume yule alikuwa anahamishiwa kituo cha mbali, miaka miwili.

Na baba alikuwa ameshasema, Jumapili iliyopita, akiwa bado ana sauti: "Siku atakayosimama sebuleni kwangu aseme kwa kinywa chake kwamba mambo ya ile mifupa ni uongo, nitatia saini. Asiposema, mimi sina kalamu."

Mwanamume mwenyewe alifanya kazi katika jumba la makumbusho, akiunganisha mifupa ya kale. Ndiyo maana watu walimwita Bwana Mifupa, wengine mbele yake, wengi nyuma yake.

"Hodi!" Shangazi aliingia kabla hajakaribishwa, mkoba mkononi, macho tayari kwenye fomu. Alikuwa mdogo wake baba, na tangu mama wa Fundi afariki alijipa kazi ya kuangalia kila kitu ndani ya nyumba ile, pamoja na visivyohitaji kuangaliwa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Yuko wapi kaka?"

"Chumbani. Ana mafua."

"Mafua gani? Toka nimefika getini sijasikia chafya hata moja." Alishusha sauti. "Mwanangu, niambie ukweli. Wanaume wote hawa kanisani, mwalimu wa kwaya hajaoa, yule wa duka la vitambaa hajaoa, wewe ukaenda kumchukua anayetuambia babu zetu walikuwa wanarukaruka kwenye matawi?"

"Mwalimu wa kwaya ana miaka sitini, shangazi."

"Lakini anajua babu yake ni nani!"

Fundi alicheka kwa kujibana, akageuka kunyoosha kitambaa cha kiti kilichokuwa kimenyooka tayari. Moyoni hakuwa anacheka. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, na katika miaka hiyo yote alikuwa hajawahi kumsubiri mtu kwa namna hii, akihesabu kila mlio wa geti la jirani.

Yeye na Bwana Mifupa walikutana kazini kwake. Alikuja siku moja na kisanduku kilichojazwa pamba, akakiweka juu ya meza yake taratibu kama mtu anayelaza mtoto.

"Nahitaji nakala ya hii," alisema. "Plasta yetu inavunjika, nikaambiwa ya kwako haivunjiki."

Lilikuwa taya la chini, la kahawia, jepesi. Fundi alilitazama, akamtazama yeye. "La nani?"

"Jina hatumjui. Tunadhani ni mama mmoja. Wa kale sana."

"Wa kale kiasi gani?"

Akasita kidogo, lakini hakukwepa. "Kuliko hesabu nilizofundishwa kanisani nikiwa mdogo. Mbali sana kuliko hizo. Sasa unaweza kunifukuza."

"Sikufukuzi. Weka hapo, unaziba mwanga."

Akarudi kesho yake kuuliza kama liko tayari, ingawa aliambiwa ni wiki. Akarudi keshokutwa. Wiki ya tatu, nakala ya kwanza ikiwa imeshamalizika na ya pili imebuniwa sababu, Fundi aliweka msasa chini akamwambia usoni:

"Nisikilize. Mimi naamini Mungu aliniumba, na ananijua kwa jina. Hilo silijadili na mtu, hata mtu mwenye macho kama yako."

Yule mwanamume hakucheka. Alimtazama mpaka yeye ndiye akashusha macho. "Sijakuomba uliache hilo, Fundi. Ninaomba kitu kimoja tu. Usiniombe mimi niseme sijaona nilichokiona."

"Na watoto?"

"Watabatizwa. Wakiniuliza habari za mifupa, nitawaambia ninachokijua. Wakiniuliza nisichokijua, nitawaleta kwako."

Alikuwa hajamshika hata mkono. Lakini Fundi alikumbuka kwamba siku ile alipaka nta upande usiopaswa, akalazimika kuanza upya.

Geti lililia. Sasa lilikuwa la kwao.

Bwana Mifupa aliingia akiwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, viatu vimeng'aa, na mkononi kikopo cha plastiki chenye mfuniko wa buluu kilichofungwa kwa utepe. Fundi alikitambua. Kilikuwa cha kwake, alikifunga mwenyewe Alhamisi na nakala ya tatu ndani yake, ile ya kuwaonyesha wanafunzi wanaotembelea makumbusho.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Ingawa ushangazi wenyewe hujaupata bado. Kaa."

Akakaa pembeni mwa kiti, magoti pamoja. Macho yake yakamtafuta Fundi, yakampata, yakatulia hapo kitambo kifupi tu. Lakini kitambo kile kilimtosha Fundi kuona kwamba hakulala.

Baba akatoka chumbani. Skafu ilikuwa imepanda mpaka chini ya macho. Mgeni akainuka upesi, akaamkia. Mzee akajibu kwa kutikisa kichwa, akaketi kwenye kiti chake, akamwashiria dada yake asogee. Akamnong'oneza sikioni, mkono umeziba.

"Mzee anasema karibu," alitangaza shangazi. Akainama tena, akasikiliza. "Mzee anauliza, ukoo wenu unaanzia wapi." Hapo akaongeza la kwake: "Na usituanzishie juu ya mti."

"Shangazi!" alisema Fundi.

"Nimeuliza vibaya? Si yeye ndiye anayesema tumetokana na nyani?"

"Hapana, shangazi," alijibu mgeni kwa upole. "Hatusemi tumetoka kwa nyani hawa wa leo. Tunasema sisi na wao, zamani mno, tulikuwa na mababu wamoja."

"Kwa hiyo nyani ni binamu yangu?"

"Wa mbali sana."

"Ahaa! Basi afadhali, maana wa karibu ninao na hawanisalimii."

Hata Fundi alishindwa kujizuia. Macho ya baba juu ya skafu hayakucheka. Aliinamisha kichwa, akanong'ona tena, na safari hii shangazi alisikiliza muda mrefu zaidi, na alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mzee anauliza," alisema polepole, "ni kwa kiburi gani ulimletea dharau ndani ya nyumba yake."

Mgeni alimtazama Fundi, Fundi akamtazama baba.

"Dharau ipi, Mzee?" aliuliza mgeni. "Mimi leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuvuka kizingiti hiki. Kama kuna neno limenitoka mahali, niambie niombe radhi." Mgeni akachukua kikopo, akakishika kwa mikono miwili. "Nimekuja na kazi yangu, uione kwa macho yako. Sikutaka uwe unasikia habari za mifupa kwa watu, kama vile mimi naficha kitu uvunguni. Sijakifungua tangu binti yako alipokifunga. Nilitaka tukifungue pamoja."

Akakata utepe. Akainua mfuniko.

Ndani, juu ya pamba safi, palikuwa na meno ya mzee. Ya juu na ya chini, yamesuguliwa yakang'aa, ufizi wa pinki, na ile alama ndogo ya ukarabati upande wa kushoto ambayo Fundi aliitia mwenyewe Alhamisi, sahani ya meno ya chini ilipopata ufa.

Shangazi aliona. Akafunika mdomo. Mabega yakaanza kumtikisika.

Fundi alihisi damu yote ikimpanda usoni. Akaona yote kwa mara moja: vikopo viwili vya buluu juu ya meza yake ya kazi, saa kumi na moja Alhamisi, mwanamume huyu amesimama mlangoni akimwambia, "Jumamosi nakuja, lolote na liwe," kisha akiinama kufunga kamba ya kiatu kwa sababu hakutaka kuondoka, na yeye, mikono ikifunga vikopo, macho yakiwa hayapo mikononi. Miaka tisa. Vinywa vya mamia ya watu. Hajawahi kumpa mtu meno ya mwingine hata mara moja.

Kwa hiyo cha baba...

"Baba," alisema, "hukuwa na mafua."

Mzee aliinuka. Kwa adabu zote akachukua kikopo mikononi mwa mgeni, akaenda chumbani. Wakasikia maji yakimiminika, muda mrefu, maji ya mtu anayeosha kitu mara mbili na mara ya tatu. Shangazi alikuwa amezika uso kwenye mkoba wake.

"Samahani," Fundi alimwambia mgeni bila sauti, kwa midomo tu.

Naye akatikisa kichwa kwamba si kitu, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akatabasamu, tabasamu la kona moja. Fundi akaona kwamba angeweza kuishi na tabasamu lile mpaka uzeeni. Akaona pia kwamba pengine hatapewa.

Baba alirudi bila skafu. Alisimama katikati ya chumba, mashavu yamejaa, sauti yake yote imerudi, ile sauti ambayo watu wa benchi la nyuma kabisa hawakuwahi kuilalamikia.

"Siku mbili!" alisema. "Siku mbili nimekaa na taya la maiti chumbani kwangu! Nafungua kikopo nitie meno yangu, nakuta ananichekea! Nikasema, kijana huyu amenitumia salamu. Ananiambia, mzee, hiki ndicho ulichokuwa."

"Kosa ni langu, baba," alisema Fundi. "Mimi ndiye niliyechanganya."

"Nimeshaona ni lako. Nyamaza kwanza. Nina maneno ya siku mbili hapa." Akamgeukia mgeni. "Kijana, umebatizwa?"

"Nimebatizwa, Mzee. Na kipaimara nimepata."

"Kanisani unakwenda?"

"Niliacha miaka saba iliyopita. Mzee mmoja wa kanisa la kwetu aliniambia nichague, mifupa nje au mimi nje. Nikakaa nje. Lakini niliacha benchi, Mzee. Mungu sikumwacha."

"Maneno matamu. Sasa nijibu hili, na usinizungushe. Maandiko yanasema Mungu alimfinyanga mtu kwa mavumbi, akampulizia pumzi. Wewe unasema mtu alikuja polepole kutoka kwa wanyama. Kama ni hivyo, dhambi iliingia lini? Mnyama gani alitenda dhambi? Na kama hakuna aliyeanguka, Mwokozi alikuja kumwinua nani?"

Shangazi aliacha kucheka. Lilikuwa swali zito, na mzee hakulitoa kwa ghadhabu; alilitoa kama mtu ambaye hilo ndilo lililomkosesha usingizi, kuliko nyani wote.

Mgeni akasogea mbele kitini. "Sijui, Mzee," alisema.

"Hujui?"

"Nimelibeba swali hilo miaka mingi, na sijui. Naujua umri wa mfupa ninaoushika. Siku pumzi ya Mungu ilipoingia, mfupa hauniambii. Lakini kwamba mtu ameanguka, hilo sihitaji kulichimba. Najijua mwenyewe."

Baba aliketi. Akavuta fomu karibu, akatoa kalamu mfukoni mwa shati, akaiweka juu yake.

"Basi tusichoshane," alisema, sauti imeshuka. "Mimi si mkatili. Nakuona unampenda. Nina binti mmoja, mama yake alinikabidhi akiwa anakata roho. Sema neno moja tu, hapa, mbele ya dada yangu. Sema: ile mifupa ni uongo wa wanadamu. Nitatia saini sasa hivi, na hatutaligusa tena maisha yetu yote. Kazini kwako fanya utakavyo, mimi sitakuja kuchungulia."

Sentensi moja. Fundi alimwona mgeni akiitazama kalamu. Na, Mungu amsamehe, kwa pumzi moja alitamani aseme. Sema, moyo wake ulimlilia, sema tu, nani atajua? Jumapili tatu na mimi ni wako.

Mwanamume yule akainua macho, lakini hakumtazama mzee. Alimtazama yeye.

"Mzee," alisema, "nikikudanganya leo ili unipe binti yako, kesho utalala ukijiuliza ni lipi lingine nililokudanganya. Siwezi. Nisamehe." Akainuka. "Nashukuru kwa kunipokea."

"Ndiyo basi?" alisema shangazi, na ajabu ni kwamba sauti yake ilikuwa na masikitiko. "Hata chai hujanywa!"

"Kaa chini," alisema Fundi.

Wote wakageuka.

"Nimesema kaa. Hakuna aliyeaga hapa." Alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mama yake, mikono imeshika mgongo wa kiti kwa nguvu. Mgeni akakaa. "Baba, umenilea kwa kumcha Mungu na sijakuaibisha. Nitabaki hivyo hivyo, na mtu huyu anajua, nilimwambia kabla hajanijua hata chakula ninachopenda. Ninaamini kama unavyoamini. Mungu alituumba. Alichukua muda gani, mimi hajaniambia. Hata sahani moja ya meno yako inanichukua siku nne."

"Wewe si Mungu," alisema baba.

"Ni kweli, mimi si Mungu. Lakini ni binti yako. Na nakuambia hivi: nikiolewa na mtu aliyenunua saini yako kwa uongo, huo uongo ndio nitakaolala nao kitanda kimoja. Ulinifundisha wewe mwenyewe, nikiwa na miaka saba, nilipovunja taa nikasema ni upepo. Ulinichapa kwa ajili ya upepo, si kwa ajili ya taa."

Midomo ya mzee ilicheza kidogo.

"Sitatoroka," aliendelea. "Sitaenda kufunga ndoa kwa siri mahali. Usipotia saini, atakwenda kwenye hicho kituo chake, nami nitabaki hapa nikupikie na kukusugulia meno. Miaka miwili nitamsubiri. Akirudi atakuja kukaa kwenye kiti hicho hicho, na wewe utamuuliza swali hilo hilo, na yeye atakujibu hivyo hivyo. Mimi sina haraka, baba. Ila sitabadilika."

Nje mtu alipita akipuliza mluzi. Baba aliitazama kalamu, kisha akainuka, kwa mara ya pili asubuhi ile, akaenda chumbani. Fundi alisikia droo ikifunguliwa.

Alirudi na kitu kilichofungwa kwenye leso nyeupe. Ilikuwa leso ya marehemu mama, yenye ua dogo pembeni. Akaiweka mezani, akaifungua. Taya la plasta lilikuwa ndani, limefutwa vumbi.

"Kijana, sogea hapa," alisema. "Nimekaa na huyu siku mbili. Jana nilitaka kumtupa. Nikamshika. Nikapitisha kidole hapa nyuma." Akapitisha kidole kwenye ukingo wa taya. "Hana meno ya kutafunia. Pande zote mbili. Ni ninyi mmemvunja?"

"Hapana, Mzee. Alikuwa hivyo akiwa hai."

"Unajuaje?"

Mgeni akamtazama Fundi. Ilikuwa kazi yake, na alimwachia.

"Mfupa umejiziba, baba," alisema Fundi, akasogea. "Jino likitoka, shimo hujaa polepole. Hapa pamejaa pakawa laini kabisa, kama kwako. Huyu aliishi miaka mingi bila meno ya nyuma."

"Miaka mingi," alirudia baba. "Bila meno. Na wakati huo palikuwa na vyakula vya kulainisha? Palikuwa na sufuria?"

"Hatujaona dalili ya chungu wala sufuria, Mzee," alisema mgeni. "Nyama ngumu. Mizizi."

"Basi alikula nini?"

Baba akawatazama mmoja mmoja.

"Mimi nitakuambia alikula nini." Sauti ya mzee ilianza kukwaruza. "Kabla mtoto huyu hajajifunza ufundi, mimi nilikaa miaka sita bila meno. Mama yake alikuwa ananipondea nyama. Kila siku. Anaikata, anaiponda kwa mawe mawili safi, anaiweka kwenye sahani yangu kabla watu hawajakaa mezani, nisione aibu. Miaka sita hakuwahi kusahau hata siku moja." Akagusa taya kwa ncha ya kidole. "Na huyu naye palikuwa na mtu wa kumpondea. La sivyo angekufa kwa njaa ndani ya mwezi. Mnyama hampondei mwenzake nyama, kijana. Mnyama asiye na meno huachwa."

"Ndivyo tunavyowaambia wanafunzi, Mzee," alisema mgeni kwa sauti ndogo. "Kwamba mtu alimtunza."

"Basi msiniambie huyu ni nyani. Huyu ni mtu. Alipuliziwa pumzi, kama mimi. Lini, nyinyi hesabuni huko kwenu. Mimi sikubali hizo hesabu zenu hata nukta moja, unanisikia?"

"Nakusikia, Mzee."

"Nitakupinga mpaka siku ya kuzikwa."

"Nitakuwepo unipinge, Mzee."

Shangazi alipenga kamasi kwa kishindo. "Kaka, mimi naona aibu kulia kwa ajili ya plasta," alisema.

Baba alivuta fomu. Akaandika jina lake kwa herufi kubwa za polepole, akaliangalia, akatia saini. Hakusema lolote la baraka. Alifunika kalamu tu, akairudisha mfukoni.

"Kila Jumapili," alisema bila kuinua uso. "Benchi la mbele, pembeni yangu. Miaka saba ya kukaa nje inatosha. Na huko unakohamishiwa kanisa lipo, nitamwandikia mchungaji wao barua."

"Ndiyo, baba," alisema mgeni, na neno lile likamtoka kabla hajalipima. Mzee hakulikataa.

Akafunga taya ndani ya leso, pembe nne, akamkabidhi binti yake na si mgeni. "Usimrudishe kwenye kikopo. Alikuwa mama wa mtu. Na leso isirudi, iende naye."

Fundi alimsindikiza mgeni mpaka getini. Jua lilikuwa limepanda, na yeye alikuwa ameshika leso kwa mkono mmoja na fomu kwa mkono mwingine, hana mkono wa kumpa.

"Miaka tisa hujakosea," alisema mwanamume. "Alhamisi ulikuwa unaangalia nini?"

Angeweza kusema taa ilikuwa hafifu. Angeweza kusema upepo.

"Wewe," alisema. "Ulikuwa unafunga kamba ya kiatu."

Mwanamume alimtazama tu, namna ile ile ya siku ya nta, na safari hii Fundi hakushusha macho. Dirishani nyuma yao sauti ya baba ilisikika ikifanya mazoezi ya somo la kesho, neno kwa neno, kila herufi imekaa mahali pake.

"Ibada ya kwanza ni saa moja," alisema Fundi. "Njoo saa kumi na mbili na nusu. Baba hasubiri mtu."